Furaha Ilivyomtapisha Mama

Juzi asubuhi mama alinipigia simu akaniambia nikae kwanza. Nikakaa. Mtu wa umri wangu akiambiwa akae kwanza huanza kuwapitia wazee waliobaki kwenye ukoo, mmoja mmoja, nami nilishafika kwa mjomba wakati mama aliposema, "Lile beseni letu limepasuka."

"Beseni gani?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"La bluu, Somoe. Nimeroweka kunde, nikalinyanyua kidogo tu, likaachia katikati. Maji yote miguuni, kunde uani, kuku wanashangilia."

Tukaliombolezea beseni la plastiki wote wawili, yeye nyumbani Likombe, Mtwara, na mimi huku Morogoro. Kisha yeye akaanza kucheka, nami nikafuata, tukacheka mpaka nikafuta machozi kwa pindo la khanga. Nilikuwa na habari yangu asubuhi ile, habari njema kabisa, iko mdomoni. Lakini nikaimeza. Kumpa mama habari njema ni kazi ambayo mpaka leo naifanya kwa tahadhari, na sababu yake ilining'inia nyuma ya mlango wa chumba chake muda mrefu wa utoto wangu.

Nyumba zote za mtaani kwetu zilikuwa na beseni la kufulia na beseni la kuoshea vyombo. Sisi tulikuwa na hayo, na zaidi ya hayo tulikuwa na beseni la mama la kutapikia. Lilikuwa kubwa na zito, na kila lilipotumika lilisuguliwa kwa majivu na maganda ya ndimu, likaanikwa juani, likarudishwa kwenye msumari wake. Mpaka leo nikikamua ndimu kwenye chombo cha plastiki, harufu ile hunirudisha palepale, miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji. Nilidhani kila mama duniani ana beseni lake. Siku moja nilikwenda kucheza kwa rafiki yangu, nikachungulia nyuma ya mlango wa mama yake, sikuona kitu, nikamhurumia sana yule mama. Nilijiuliza yeye hutapikia wapi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na taratibu zake. Ulikuja alfajiri, daima alfajiri. Mama alianza kupiga miayo mfululizo, mate yakamjaa, midomo ikawa myeupe, naye akasema kwa sauti ndogo, "Somoe, niletee." Hakuhitaji kutaja kitu. Nikishaleta, baba alitundika khanga dirishani kuzuia mwanga, redio ikazimwa, sisi watoto tukaanza kutembea kwa ncha za vidole. Mama alilala sakafuni, shavu limegusa saruji ya baridi, akatapika chakula, kisha maji, kisha nyongo, kisha sauti tupu. Hakutaka mtu amsemeshe wala kumgusa. Mara nyingine baba alimpakia kwenye baiskeli akampeleka kutundikiwa dripu. Halafu, siku ya pili au ya tatu, ugonjwa uliondoka bila kuaga. Mama aliinuka akakaa kitako, akasema ana hamu ya ugali wa muhogo na samaki wa chukuchuku, akala akamaliza, akajifunga khanga akashika jembe. Wiki kadhaa zilizofuata alikuwa mzima kabisa, anaimba, anagombana na kuku, na mtu asiyemjua angeapa kwamba hajawahi kuugua.

Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa ule. Zahanati walisema malaria, akanywa dawa za malaria. Wengine walisema taifodi, wengine vidonda vya tumbo, naye akazinywa za wote. Jirani mmoja alisema ni jini wa baharini anayetaka manukato. Mwingine akasema ni husuda, kwa sababu mikorosho yetu ilikuwa inazaa vizuri. Na wanawake waliokuja kutujulia hali, walipoona beseni, walitabasamu wakasema, "Hongera." Hilo ndilo nililoliamini mimi. Nilijua wanawake hutapika wakitaka kupata mtoto, kwa hiyo kila mara nilikaa nikisubiri. Nilishamchagulia mtoto jina na kumwekea nguo za mwanasesere wangu. Mtoto hakuja. Nilipochoka kusubiri nikamwendea bibi, mama mzazi wa mama, tuliyekuwa tunaishi naye nyumba moja.

Bibi alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akavukia Kilambo akiwa msichana, na Kiswahili chake kilivuka na Kimakonde mfukoni. Kichwani alifunga kitambaa cheusi, amekikaza hasa, kwa sababu upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa unamuuma tangu zamani. Sikuwahi kumwona bila kitambaa kile, na nilidhani ni sehemu ya kichwa chake.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, na "mimi" kwake ilikuwa "nangu", "nangu nimezaa, watoto nawajua. Lile tumbo halina mtoto. Lile tumbo lina hasira."

Hasira ya nini? Nikaanza uchunguzi wangu. Nilikuwa mtoto wa kutazama watu, na nikaona jambo ambalo watu wazima wote walikuwa hawajaliona. Mama hakuugua siku za huzuni. Babu alipofariki, mama alilia, akapika masufuria ya msiba, akapokea wageni, na hakutapika hata kidogo. Lakini Sikukuu ya Idi, baada ya kukesha akinishonea gauni na kukanda maandazi, alipiga miayo alfajiri na beseni likashuka. Mama mdogo alipoolewa Kilambo, mama aliimba wiki nzima. Siku ya safari tukapanda pikapu, hata hatujafika mbali ikabidi turudishwe nyumbani, na mama mdogo akaolewa dada yake hayupo. Nilipokuwa wa kwanza darasani, mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje, na alfajiri ya kesho yake akaniambia nimletee. Nikajua. Kilichokuwa kinamtapisha mama ni furaha.

Basi nikaanza kumpunguzia dozi. Habari nzuri nilimpa robo robo, tena nikiichanganya na mbaya ili isimlevye. Nilipokuwa wa kwanza tena, nilimwambia nimekuwa wa sita. Niliposhinda mbio za shule, nilimwambia nilianguka, na kwa ushahidi nikajipaka vumbi gotini. Mama aliniosha goti, akanipa pole, akanikaangia yai. Nilikula yai lile kwa huzuni kubwa, nikijiona shujaa asiyejulikana. Siku chache baadaye mwalimu wa michezo alikutana na mama sokoni akampongeza kwa kuzaa mkimbiaji, na mama akarudi nyumbani na maswali yake usoni.

"Kwa nini uliniambia umeanguka?"

"Ili usifurahi."

"Nisifurahi?"

"Ukifurahi unatapika."

Nilitegemea kofi. Mama akakaa kwenye kizingiti akaanza kucheka, kisha akajifunika mdomo kwa khanga, na nikaona kwamba kicheko kimekwisha na mabega bado yanatikisika. Jioni nilimsikia akimwambia baba, "Kuugua nilishakubali. Lakini mwanangu afike mahali pa kunificha furaha yake? Hilo sikubali. Narudi hospitali, na safari hii sitoki mpaka waniambie."

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuharakisha. Mdogo wangu Saidi alikuwa aingie jandoni likizo ya katikati ya mwaka. Kwetu mtoto akitoka jandoni hapokelewi na yeyote tu. Mjomba wake humleta mabegani, mtoto amevaa nguo mpya na miwani myeusi, ameshikiwa mwavuli, na mama yake humtandikia khanga chini na kuwa wa kwanza kumgusa. Mama akikosekana, mtu mwingine hushika nafasi yake, na watu hula na kucheza vilevile, lakini mtoto huyo huja kukumbushwa maisha yake yote. Kijana mmoja mtaani kwetu alipokewa na jirani, na hata siku anaoa walikuwa bado wanamtania kwamba aliokotwa sokoni. Saidi alilijua hilo. Alikuwa mdogo, hana habari na kisu wala pori, lakini kila jioni aliniuliza, "Dada, mama atakuwepo?" Sikuwa nimewahi kusikia furaha kubwa kuliko hiyo, na ukubwa wake ndio ulionitisha.

Tulikwenda mjini mama, bibi na mimi, tukafikia Ufukoni kwa shangazi, dada yake baba, mwanamke wa maneno mengi ambaye kumtania wifi yake ilikuwa kazi yake ya kudumu. "Wifi, unatapika miaka yote hii na hunizalii mtu," alimwambia mlangoni, hata salamu bado. Mama akamjibu kwamba ukoo wa mume wake unakula sana, hauwezi kuongezewa midomo. Wakakumbatiana, tukaingia ndani.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, mgeni hapo hospitalini. Alipima damu, akampeleka mama kwenye mashine ya kutazama tumbo, na majibu yakarudi safi yote. Mama akakata tamaa kuona usafi ule, maana alishachoka kuambiwa hana kitu. Lakini daktari hakumwambia aende nyumbani. Alisogeza kiti akauliza swali ambalo sikuwahi kusikia mtu akimuuliza.

"Siku ambazo huumwi, unakuwaje?"

"Mzima. Nalima, nabangua korosho, nakula kila kitu."

"Na ukianza kuumwa, huanza saa zilezile, na hufanana kila mara?"

"Kila mara. Ningeweza kukuelezea ugonjwa utakavyokuja na utakavyoondoka."

"Kwenu kuna mtu anayeumwa kichwa upande mmoja, anayekimbia mwanga?"

Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, alinyoosha mkono juu kama yuko darasani. "Nangu," akasema. "Miaka yote. Upande huu. Jua likinipiga, natafuta uvungu wa kitanda." Na kwa kuwa ameulizwa, akaeleza yote tangu ng'ambo ya Ruvuma, kwa raha zake, na daktari akamsikiliza akiitikia kwa kichwa. Mwishoni daktari akampa mama vidonge. "Hizi ni dawa za kuzuia kipandauso," akasema. "Kimoja kila jioni ukishakula, kisha urudi nikuone." Alikuwa bado anaendelea kusema muuguzi alipoingia kumwita kwa mgonjwa wa dharura, akatoka mbio, nasi tukatoka.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani lingeweza kutokea kwetu tu. Tulipofika kwa shangazi, dawa ziliwekwa juu ya mkeka na watu wazima wakazizunguka. Kipandauso ni ugonjwa wa kichwa, hilo halina ubishi. Mama alikuwa anaumwa tumbo. Aliyelalamika kichwa mbele ya daktari ni bibi.

"Huyo binti daktari kalelewa," shangazi akatoa hukumu. "Kaona mzazi na mwanawe wote wagonjwa, kaanza na mkubwa. Wewe wifi zamu yako safari ijayo."

Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu maji ya kunawa huanza kwa mkubwa, nyama huanza kwa mkubwa, kwa nini dawa isianze kwa mkubwa? Mama mwenyewe alifurahi kwa ajili ya mama yake. "Basi mama, meza," akasema, na jioni ile bibi akameza.

Wiki zikapita. Siku moja nilirudi kutoka shule nikamkuta mwanamke nisiyemfahamu ameketi uani anachambua kisamvu, nywele fupi nyeupe, masikio makubwa mawili. Nikamwamkia kwa adabu ya mgeni. "Marahaba, mke mwenzangu," akajibu, na ndipo nilipojua kwamba bibi ana masikio. Alikuwa amefungua kitambaa. Kichwa kimetulia, alisema, kimetulia mpaka nasikia ndege. Siku nzima aliimba nyimbo za ng'ambo ambazo hata mama hakuwahi kuzisikia. Mama akafurahi, sote tukafurahi, na alfajiri iliyofuata mama akapiga miayo.

Nililia siku ile. Nilimpelekea beseni huku nalichukia, nikatamani lidondoke kisimani. Likizo ilikuwa imekaribia, mjomba alishakuja kutaja siku ya kuingia jandoni, na mama alikuwa sakafuni.

Alipopata nguvu tukarudi mjini kudai zamu yake.

"Daktari, tunashukuru sana," mama alisema kwa heshima zote. "Mama amepona. Sasa tumefuata na zangu, za tumbo."

Daktari akamtazama mama. Akamtazama bibi na masikio yake. "Vile vidonge," akauliza taratibu, "amemeza nani?"

Alipoelezwa, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka akatuonya kwamba dawa haigawanwi, maana kwa umri wa bibi vidonge vile vingeweza kumdhuru. Akampima presha na moyo palepale, akaridhika, akamwandikia zake mwenyewe kwa kipimo chake. Halafu akamgeukia mama.

"Zile zilikuwa zako. Sikukosea, ila nilitoka kabla ya kukueleza, hilo ni kosa langu. Kuna kipandauso kinachokaa kichwani, na kuna watu ambao ugonjwa wa jamii hiyohiyo huwashukia tumboni. Huja ghafla, hutapisha, huondoka, mtu akawa mzima mpaka siku nyingine. Tumezoea kuuona zaidi kwa watoto, lakini na watu wazima wanaupata. Na mara nyingi dawa zinazozuia kile cha kichwani huzuia na hiki."

"Lakini kichwa hakiniumi, daktari."

"Najua. Umechukua cha mama yako, ukakiweka mahali pengine."

Bibi akamgeukia mwanawe, akamtazama kwa masikitiko ya kweli. "Pole, mwanangu," akasema. "Nangu nilidhani nimekurithisha pua tu."

Nikaona nisiposema wakati ule sitasema tena. "Daktari, mama hutapika akifurahi."

Bibi akanifinya paja. Daktari hakucheka. Akaniuliza mama hufanya nini kabla ya sikukuu, nikamweleza yote: anakesha, hali chakula, anasimama motoni kutwa, anasema atakula wageni wakishakula.

"Umetazama vizuri," akaniambia. "Furaha kubwa inaweza kuuamsha ugonjwa huu, ni kweli. Lakini mama yako hufurahi akiwa na njaa, na usingizi, na uchovu, vyote kwa pamoja. Furaha mwachieni. Mpunguzieni hivyo vingine."

Sidhani kama daktari yule anaikumbuka siku ile. Mimi nilitoka mle ndani nikiwa mwepesi, kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nimebeba peke yangu siri kwamba kila ninapofanya vizuri ninamuumiza mama.

Saidi akaingia jandoni, mama akaanza vidonge, na likizo ile tukawa na watu wawili wa miiko, mmoja porini na mmoja nyumbani. Daktari alisema dawa huchukua wiki kadhaa kushika, kwa hiyo hatukujua ni ipi ingetangulia, dawa au siku ya Saidi. Mdomo ulimkauka mama, akawa anamumunya ubuyu kutwa. Asubuhi alisinzia na kikombe cha chai mkononi, na baba akawa anakiondoa polepole kisimwagikie. Siku moja alipiga miayo, tukakimbilia beseni, akatapika kidogo, akalala, na adhuhuri akaamka akauliza kuna nini cha kula. Baba alisema ni bahati. Mimi nilianza kuwa na matumaini, lakini sikumwambia mtu.

Kazi kubwa ilikuwa kumpumzisha siku ya kuamkia sherehe. Mama wa mwali wa jando asiyeshika mwiko jikoni ni aibu, na mama alikuwa mtu wa kujiheshimu. Shangazi alikuja kutoka Ufukoni kushika masufuria, na kila mama alipotoka chumbani kuja kuonja mchuzi, shangazi alimkimbiza na mwiko. "Rudi ukalale! Tangu nizaliwe sijaona wifi aliyeandikiwa usingizi na daktari. Mimi nitaandikiwa lini?" Wanawake waliokuwa wanatwanga wakaangua kicheko. Mama akala mapema, mbele ya wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, ameinamisha uso kwa haya. Kisha akaenda kulala kabla giza halijaingia, na bibi akakaa mlangoni pake, masikio nje, akiwafukuza wote waliokuja kumsalimia.

Alfajiri niliamka bila kuitwa. Nikalishusha beseni, nikaketi nalo kizingitini. Mama akafumbua macho, akajinyoosha, akapiga mwayo. Nikasimama. Akapiga wa pili. Nikamsogezea beseni, nikimwona Saidi akishushwa mabegani na kupokelewa na mwingine. Mama akaniangalia mimi, akaliangalia beseni.

"Somoe," akasema, "hata mtu aliyelala vizuri hupiga miayo. Niletee mihogo."

Akala mihogo ya kuchemsha na chai, nami nikafuatilia kila kipande kwa macho mpaka kikashuka.

Bado sikumwamini. Tulipotoka kwenda kuwapokea wali wa jando nilimfuata nyuma nimelikumbatia beseni, na walioniuliza niliwaambia ni la kubebea nguo. Kulikuwa na vumbi na ngoma, na vigelegele vilivyoziba masikio. Wajomba wakatokea na watoto mabegani, wote wana kofia mpya na miwani myeusi, wanafanana hata mama zao wakawa wanababaika. Kisha mmoja wao akavua miwani, jambo walilokatazwa, akanyoosha shingo na kupaza sauti.

"Mama yupo?"

"Nipo!" mama akapiga kelele. "Nipo, baba! Nipo!"

Akatandika khanga zake mavumbini, Saidi akashushwa, akazikanyaga kwa maringo, na mama akamshika uso kwa mikono yote miwili. Mimi niliitazama midomo ya mama. Haikuwa myeupe. Machozi yalikuwa yanamtiririka na meno yote yako nje, nami nikasubiri, nilisubiri kweli, na hakuna kilichotokea isipokuwa furaha. Halafu akanigeukia, akanipokonya beseni kifuani. Nikadhani sasa ndiyo. Akaligeuza chini juu, akalibana kiunoni, akaanza kulipiga. Alilipiga kwa viganja, akiimba, wanawake wakamwitikia, na bibi akacheza mbele yake akipunga kile kitambaa cheusi hewani. Sikujua kwamba beseni lile lina sauti nzuri namna ile. Nilifurahi mpaka nikaogopa nitatapika mimi.

Nisidanganye kwamba ugonjwa ulikwisha siku ile. Ulirudi tena miaka iliyofuata, hasa mama alipojiona amepona akaviacha vidonge bila kuuliza mtu, lakini ulirudi mara chache na ukiwa mdogo, na sasa alijua jina lake na wapi pa kuupeleka. Beseni halikurudi nyuma ya mlango. Lilihamia uani, likawa la kuroweka kunde na mihogo, na baadaye la kuogeshea wajukuu. Chini lilikuwa na ufa mwembamba usiovuja, ambao mama alisema umetokana na siku ya Saidi, na hakuruhusu mtu auzibe.

"Ni ule ufa," mama aliniambia juzi kwenye simu, tulipomaliza kucheka. "Umetembea miaka yote hii, leo umefika."

Nikamwambia tutanunua lingine.

"Tutanunua na nani, nawe uko Morogoro?"

Hapo nikakaa vizuri. Nilikuwa nimeshapanga kumwambia robo siku hiyo na robo Ijumaa, najijua.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Na jana ulilala?"

"Nimelala. Unaniuliza ya nini?"

"Basi na wewe kaa kwanza." Nikasubiri nikasikia kigoda kikiburuzwa. "Uhamisho wangu umekubaliwa. Nimepangiwa shule ya kufundisha huko Mtwara. Narudi, mama. Narudi nyumbani kuishi."

Nikawasikia kuku wakigombania kunde, nikaanza kujilaumu kwamba heri ningempa robo tu. Kisha ukaanza mlio nilioujua, umefifia lakini ni uleule, polepole kwanza, halafu kwa nguvu. Alikuwa ameokota nusu ya beseni anaipiga.